Kazi Iliyobaki Berkeley

Michael Stonebraker alipopata kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, mwaka 1971, alikuwa na umri wa miaka 27 na tasnifu ambayo yeye mwenyewe aliamini haina faida yoyote nje ya maktaba. Alikuwa ameiandika Chuo Kikuu cha Michigan, juu ya minyororo ya Markov, hisabati ya mambo yanayobadilika kwa bahati nasibu. Mhadhiri mpya wa Marekani hupewa miaka michache tu ya kuonyesha thamani yake; ikipita bila kazi ya maana, ajira inakwisha. Stonebraker alihitaji mada mpya, na aliihitaji upesi.

Aliyemwonyesha njia ni Eugene Wong, aliyemtangulia kazini, ambaye alimshauri asome makala ya kurasa 11 iliyochapishwa Juni 1970. Mwandishi wake, Edgar Codd, alikuwa Mwingereza aliyerusha ndege za jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na sasa alikuwa mtafiti wa kampuni ya IBM mjini San Jose. Makala ile haikuwa na mashine wala programu ndani yake. Ilikuwa hoja tupu, tena iliyoandikwa kihisabati, kuhusu namna ya kupanga data nyingi ili watu wengi waweze kuzitumia bila kukanyagana.

Wakati huo mifumo ya kutunza data ilikuwapo, na ilifanya kazi kweli. IBM walikuwa na mfumo uitwao IMS, uliotokana na haja ya kufuatilia maelfu ya vipuri vya mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini. Charles Bachman naye alikuwa amebuni mfumo uliounganisha rekodi moja na nyingine kwa viungo. Tatizo ni kwamba mwandishi wa programu ilimbidi azijue njia zote za ndani: aanzie rekodi hii, afuate kiungo hiki, ageukie pale. Ni sawa na kumpeleka mgeni kwenye nyumba fulani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa kumtajia vichochoro kimoja kimoja. Akikariri vizuri anafika, lakini siku njia moja ikizibwa, maelekezo yote yanaharibika na inabidi yaandikwe upya. Makampuni yalikuwa yakilipa mishahara ya watu ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuandika upya maelekezo ya namna hiyo.

Codd alisema tuziweke data katika majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, kisha mtumiaji aseme anachotaka tu, njia ya kukipata iitafutwe na kompyuta. Mhasibu wa shule mwenye jedwali la wanafunzi na jedwali la malipo angeomba majina ya wanafunzi wa kidato cha tatu ambao hawajamaliza ada, basi. Asingelazimika kujua jedwali lipi lisomwe kwanza, wala majina yamepangwa vipi kwenye diski. Hata fundi akibadilisha mpangilio huo usiku, asubuhi ombi la mhasibu lingefanya kazi vilevile.

Hoja ilipendeza, ila wengi hawakuiamini. Mwaka 1974, mjini Ann Arbor, wafuasi wa Codd na wa Bachman walikutana kwenye mkutano wa wanataaluma wakabishana hadharani. Upande wa Bachman ulikuwa na swali zito: nani amewahi kuona kompyuta ikitafuta njia kwa kasi sawa na mwandishi wa programu mzoefu? Kwa maneno matupu swali hilo lisingejibika. Lilihitaji mtu aijenge mashine yenyewe, na hapa ndipo ninapomheshimu sana Stonebraker. Yeye na Wong hawakuwa wamewahi kuandika programu kubwa ya aina yoyote. Lakini walikuwa wameshaanza, tangu mwaka 1973.

Mradi waliuita Ingres. Fedha za mwanzo zilihusiana na kundi la watafiti wa uchumi wa miji waliotaka kuchora ramani, na jina lenyewe lilibeba habari za michoro. Kompyuta yao ilikuwa PDP-11/40, mashine ndogo kwa viwango vya wakati ule, ikitumia mfumo endeshi mpya ulioitwa Unix, uliotoka maabara za Bell. Waandishi wa msimbo walikuwa wanafunzi, na mwanafunzi hakai: anaandika sehemu yake, anahitimu, anaondoka, mwingine anarithi kazi aliyoiacha nusu. Pamoja na hayo, kufikia mwaka 1976 mfumo ulikuwa unafanya kazi kiasi cha Stonebraker, Wong, Peter Kreps na Gerald Held kuchapisha makala ndefu ya kueleza walivyoujenga, pamoja na yale waliyoyaona yamewashinda. Makala hiyo bado inafaa kusomwa na yeyote anayejenga mfumo leo.

Upande wa kusini wa ghuba ileile ya San Francisco, IBM nao walikuwa wakijenga mfumo wao juu ya hoja ya Codd, uitwao System R. Timu hizo mbili zilishindana, zikasomana, zikachukuliana mawazo. Kwa pamoja zilimaliza ubishi wa Ann Arbor: kompyuta inaweza kabisa kutafuta njia yenyewe, na mara nyingi huipata nzuri kuliko ya binadamu aliyechoka. Tofauti ilikuwa mlangoni. System R ilibaki ndani ya IBM, na Ingres ilitoka nje. Chuo chochote kilichoitaka kililipa gharama ndogo na kutumiwa utepe wa sumaku wenye msimbo wote, ukiwa wazi kusomwa na kubadilishwa. Ulienea kwenye vyuo na maabara nyingi. Robert Epstein, mmoja wa vijana walioujenga, alikwenda kushiriki kuanzisha Sybase, na msimbo wa Sybase ndio uliokuja kuwa msingi wa SQL Server ya Microsoft. Held alichukua maarifa yale akaenda nayo kampuni ya Tandem. Karani anayefungua mfumo wa mishahara wenye nembo ya Microsoft anagusa ukoo ulioanzia kwenye ile PDP-11.

Lakini utepe wa bei ndogo una mpaka wake. Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilifikiria kutunza kumbukumbu za wanafunzi wake kwa Ingres. Wakubwa wa kule walikuwa tayari kuvumilia hifadhidata isiyo na kampuni nyuma yake, na hata mfumo endeshi usio na wa kumpigia simu ukiharibika. Kilichowashinda ni kwamba Unix haikuwa na COBOL, lugha ambayo ofisi yao iliandikia kila kitu. Mpango ukafa. Stonebraker alielewa kwamba mtumiaji mkubwa hatakuja chuoni kuchukua utepe, na mwaka 1980 yeye, Wong na Lawrence Rowe walifungua kampuni ya kuuza na kuhudumia Ingres, huku yeye akiendelea kufundisha.

Kibiashara walipitwa na Oracle, ambayo Larry Ellison na wenzake walikuwa wameianzisha mwaka 1977. Sababu mojawapo haikuwa na uhusiano na ubora. Ingres ilitumia lugha ya maombi iitwayo QUEL. Oracle ilifuata SQL, lugha ya IBM. IBM walipoingiza SQL sokoni, shauri lilikuwa limekwisha, na mwaka 1986 ikafanywa rasmi kuwa lugha sanifu Marekani. Walioijua QUEL wengi walisema ni safi zaidi, nami nakubaliana nao. Hakuna aliyewasikiliza.

Kampuni ilimpa Stonebraker kitu ambacho chuo kisingempa, nacho ni wateja wanaolalamika. Ingres ilikuwa imeongezewa uwezo wa kushughulikia tarehe, na kazi ilifanywa kwa uangalifu, kwa kufuata kalenda tuliyoizoea, na miaka mirefu ikiwemo. Mteja mmoja akapiga simu kusema hesabu za tarehe si sahihi. Alikuwa mtu wa hatifungani. Katika biashara yake riba ya kila mwezi ni ileile, mwezi uwe mfupi au mrefu, kwa hiyo kila mwezi huhesabiwa kuwa na siku 30. Ukitoa tarehe 15 Februari kutoka 15 Machi, kalenda ya ukutani inakupa siku 28, au 29 katika mwaka mrefu. Yeye alihitaji 30, kila mwaka. Alitaka kujua namna ya kuifundisha Ingres utoaji wake. Jibu likawa kwamba haiwezekani. Maana ya tarehe ilikuwa imepigiliwa ndani ya mfumo, na mteja hakuwa na mlango wa kuifikia.

Wengine wangelichukulia hilo kama usumbufu wa mteja mmoja. Stonebraker aliliunganisha na aibu ya zamani zaidi: wale wachumi wa miji na ramani zao. Ingres ilijua namba na maneno. Mipaka ya kiwanja, nukta ya kisima na mkondo wa barabara vilikuwa vigeni kwake, ungejaribu kuvivunja kuwa namba ungebaki na mfumo wa polepole usiotumika. Mwenye hatifungani na mchora ramani walikuwa na shida moja. Kila mmoja alitaka kuileta aina yake ya data, pamoja na sheria zake za kujumlisha na kulinganisha, na hifadhidata iipokee kama mwenyeji.

Hiyo ndiyo mada aliyorudi nayo Berkeley. Mwaka 1986 yeye na Rowe walichapisha mchoro wa mfumo mpya, Postgres, uliotakiwa kukubali aina mpya za data bila kuvunjwa. Haukuanza vizuri. Sehemu yake iliandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Lisp na nyingine kwa lugha ya C, na mchanganyiko huo uliwatesa wanafunzi hadi Lisp yote ikatupwa. Toleo la kwanza lilitoka Juni 1989. Ndani yake kulikuwa na wazo jingine, lililoonekana wakati ule kama ubadhirifu. Mfumo haukuifuta data ya zamani inapobadilishwa. Uliandika toleo jipya na kuliacha la zamani palepale, ili mtu aweze hata kuuliza hali ilikuwaje mwaka jana.

Kisha mambo yakagawanyika njia mbili, na mgawanyiko huo ndio unaonifanya nimpe Stonebraker sura nzima ya kitabu hiki.

Njia ya kwanza ilikuwa ya biashara. Mwaka 1992 alianzisha kampuni ya kuuza Postgres, ambayo ilikuja kuitwa Illustra. Informix waliinunua mwaka 1996, na mwaka 2001 biashara ya hifadhidata ya Informix ikanunuliwa na IBM kwa dola bilioni 1. Ni mafanikio kwa kipimo chochote cha fedha.

Njia ya pili haikupangwa na mtu. Mradi wa chuo ulifungwa mwaka 1994 baada ya toleo la 4.2, na profesa mwenyewe alikuwa ameshageukia mambo mengine. Msimbo ulibaki, ukiwa na leseni inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na hata kuuuza. Wanafunzi wawili wa uzamili na uzamivu, Andrew Yu na Jolly Chen, waliiondoa lugha yake ya zamani ya maombi na kuweka SQL. Baada yao wakaja watu ambao wengi walikuwa hawajaonana ana kwa ana: Marc Fournier aliyetoa seva yake Kanada, Bruce Momjian Marekani, Vadim Mikheev aliyekuwa Krasnoyarsk, Siberia. Mwaka 1996 waliupa mradi jina la PostgreSQL. Mpaka leo leseni yake inawataja wakuu wa Chuo Kikuu cha California, na mwaka 1994.

Mikheev alilichukua lile wazo la kutofuta matoleo ya zamani akalipa kazi nyingine. Uwezo wa kuuliza hali ya mwaka jana ulikuwa umeondolewa kwa kuwa mzito. Lakini matoleo mawili ya mstari mmoja yakikaa pamoja kwa muda mfupi, msomaji anaweza kusoma lile la zamani wakati mwandishi anaandika jipya, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Hilo liliingia PostgreSQL mwaka 1999.

Thamani yake inaonekana vizuri Tanzania, mwanzoni mwa kila mwezi. Katika zahanati, muuguzi ameshinda mwezi mzima akijaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kwa kalamu: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, waliopimwa malaria, waliojifungua. Mwezi ukiisha anahesabu mistari ukurasa kwa ukurasa na kujaza fomu ya majumuisho, kisha takwimu zinaingizwa kwenye kompyuta, mara nyingi wilayani. Mfumo unaozipokea ni DHIS2, uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa washirika wake wa muda mrefu. Kenya waliusambaza nchi nzima mwaka 2011. Uganda na Rwanda wanao pia. Chini yake, mahali data zinapokaa, kuna PostgreSQL.

Siku za kufunga ripoti, makarani wa wilaya nyingi wanaingiza takwimu kwa saa zilezile. Mmoja anasahihisha idadi ya chanjo ya surua aliyokosea jana. Wakati huohuo mganga mkuu wa mkoa anafungua jumla ya mkoa mzima, na ofisa wa wizara anafungua jumla ya nchi. Katika mfumo wa kufungiana milango, ripoti ya ofisa ingemsimamisha karani, au marekebisho ya karani yangeisimamisha ripoti. Hapa kila mmoja anaona picha iliyokamilika ya wakati alioanza kusoma, na karani anaendelea na kazi. Intaneti ikikatika katikati ya kuhifadhi, badiliko ambalo halijathibitishwa linafutwa lote. Haibaki nusu ya takwimu ikijifanya nzima.

Ramani nazo zimo. Mwaka 2001 kampuni moja ya Victoria, Kanada, ilianza kutoa PostGIS, nyongeza inayoifundisha PostgreSQL nukta, mistari na maumbo ya ardhi. Iliwezekana kwa sababu ya ule mlango uliofunguliwa kwa ajili ya aina mpya za data. DHIS2 huitumia, kwa hiyo zahanati ikishaandikwa mahali ilipo, ofisa anaweza kuona kwenye ramani kata ambazo wajawazito wake hawafiki kliniki. Wachumi wa miji wa mwaka 1973 wangeshukuru.

Nimekaa sana hapa kwa kuwa Tanzania tunazungumza juu ya utafiti wa vyuo kana kwamba una milango miwili tu, jarida na soko. Msomi achapishe, apandishwe cheo. Au auze, atajirike. Stonebraker alipita milango yote miwili, mara nyingi. Lakini kazi yake iliyofika zahanati ya Tanzania ilipita mlango wa tatu. Wizara haikununua leseni ya hifadhidata hiyo, na mwanafunzi wa Dar es Salaam anayetaka kujua inavyofanya kazi anaweza kuusoma msimbo wenyewe, mstari kwa mstari, usiku wa leo. Vyuo vyetu vina tasnifu nyingi za kompyuta ambazo programu zake hufa siku mwanafunzi anapohitimu, zikiwa kwenye kompyuta yake ya mkononi. Baadhi yake zilijengwa kwa matatizo ya kweli, ya ushirika wa wakulima au ya bohari ya dawa. Zikiwekwa wazi, zikiwa na leseni na maelezo ya kutosha, mwanafunzi wa mwaka unaofuata anaanzia alipoishia mwenzake. Ndivyo Yu na Chen walivyofanya. Hawakuomba ufadhili mkubwa. Walikuta kitu mahali kilipoachwa.

Stonebraker mwenyewe alihamia pwani ya mashariki na mwaka 2001 akajiunga na MIT. Kule alitetea kwa nguvu wazo lililopingana na mafanikio yake ya zamani, kwamba hifadhidata ya aina moja haiwezi kufaa kila kazi. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha C-Store, inayohifadhi data kwa safu badala ya mistari. Anayetaka wastani wa umri wa wagonjwa milioni husoma safu ya umri peke yake, hana haja ya kupita majina na anwani zao. Kutoka humo ikatoka kampuni ya Vertica, iliyonunuliwa na HP mwaka 2011. Zilifuata kampuni nyingine kadhaa, kila moja ikiwa na kundi la wanafunzi na makala yake. Waliopita mikononi mwake wamo kwenye nyanja nyingi: Margo Seltzer aliyeshiriki kujenga Berkeley DB, Sunita Sarawagi anayefundisha Bombay, Daniel Abadi aliyekuwa kwenye C-Store.

Stonebraker alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2014, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, iliyoambatana na dola milioni 1. Bachman alikuwa ameipata ya mwaka 1973, Codd ya mwaka 1981, na Jim Gray, aliyekuwa System R, ya mwaka 1998. Pande zote za ubishi wa Ann Arbor zikawa zimetuzwa.

Hakustaafu. Akikaribia miaka 80 alianza, pamoja na watafiti wa MIT na Stanford, kuuliza kwa nini kompyuta yenyewe isiendeshwe kwa hifadhidata, na mwaka 2023 wakafungua kampuni iitwayo DBOS. Programu iliyoandikwa kwa mtindo wao huandika kila hatua inayoikamilisha, ili seva ikizimika katikati ya kazi, ikiwaka tena iendelee kutoka hatua ya mwisho na isirudie malipo yaliyokwisha kufanyika. Hatua hizo huandikwa ndani ya PostgreSQL. Kwa kampuni yake mpya, Stonebraker amekuwa mtumiaji wa kawaida wa mfumo aliouanzisha na usio mali yake, anayesubiri toleo la kila mwaka kutoka kwa watu wa kujitolea kama wanavyolisubiri mafundi wa wizara.